Kabla ya kulipia geto, mjue atakayeishi na mwanao

Ndugu Mhariri,

Kila Januari wazazi wengi wa vijijini hufanya safari inayofanana. Mtoto aliyechaguliwa kidato cha kwanza anapakiwa kwenye bodaboda pamoja na godoro lililokunjwa, ndoo, sufuria mbili na unga kwenye kiroba. Wanafika jirani na shule ya kata, wanaonyeshwa chumba, mzazi anatikisa mlango kuona kama komeo linashika, analipa kodi ya miezi mitatu au sita, anageuza. Chumba kimekaguliwa. Atakayeishi humo na mtoto hajakaguliwa.

Sisi ni walimu wa malezi na unasihi katika sekondari za kata, kazi inayotufikisha mara kwa mara kwenye mageto haya, yaani vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Hoja yetu ni moja: mtoto wa miaka 13 au 14 anayepanga, mlezi wake wa kila siku ni mwenzake wa chumba. Mwalimu anaye mpaka alasiri, mzazi anaye mwisho wa wiki, tena si kila wiki. Saa zinazobaki, tangu kuwasha jiko hadi kuzima taa, ni za rafiki.

Shule hizi zilijengwa kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004, kila kata ikitakiwa iwe na sekondari yake, na nyingi ni za kutwa. Lakini kata ina vijiji kadhaa, na cha pembeni kinaweza kuwa kilometa 12 au 15 kutoka shuleni. Mtoto hawezi kutembea hizo kwenda na kurudi kila siku akabaki na nguvu ya kusoma. Ada ilifutwa kuanzia Januari 2016, ila chakula na pa kulala vikabaki kwa mzazi. Kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kupanga. Tunazungumzia namna ya kupanga.

“Mwanangu si wa hivyo” ndiyo kauli tunayoisikia sana mzazi akiitwa shuleni, na mara nyingi anasema kweli: nyumbani hakuwa hivyo. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha jaribio ambalo wazazi wangefaa kulijua. Waliwachezesha watu wa rika tatu mchezo wa gari kwenye kompyuta: taa ya njano ikiwaka, usimame au uendelee. Wale wa miaka 13 hadi 16, wakiwa na wenzao wanaowatazama, walijihatarisha karibu maradufu ya walivyofanya wakiwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo swali la kujiuliza si tu mwanangu ni wa namna gani, bali saa mbili usiku yuko na nani.

Katika kumtafutia mwenzake, wazazi hukosea kwa namna mbili. Wengine humweka na wa kidato cha nne kwa sababu “ni mkubwa, atamwangalia”. Wa kidato cha nne ana mtihani wake wa taifa Novemba, hana muda wa kumwangalia mtu. Akimaliza anafunga virago, na mdogo anabaki peke yake wiki zile zile za mitihani ya kufunga mwaka, kodi nzima ikiwa juu yake. Hapo ndipo anapomkaribisha yeyote atakayechangia kodi. Wengine huwaweka wawili waliokuwa marafiki tangu darasa la saba. Urafiki wa shule ya msingi ulikuwa wa kucheza. Wa geto ni wa kugawana mafuta ya kupikia. Mwingi huvunjika kabla ya Pasaka, na wawili wakinuniana hakuna wa tatu wa kuwasuluhisha.

Tunapendekeza wawe watatu, wote wa kike au wote wa kiume, mmoja wao awe wa kidato cha pili au cha tatu, watoke kitongoji kimoja au vijiji jirani, na wazazi wawe wanajuana kiasi cha kupigiana simu usiku. Wakiwa wanne, zamu ya kuosha vyombo haina mwenyewe. Uliza pia nani kapanga vyumba vya pembeni. Ua wenye wanafunzi wa kike na vijana wanaojitegemea wanaotumia bafu moja, tafuta mwingine hata kama kodi imezidi kidogo.

Kisha, Desemba, kabla hakujalipwa kitu, wazazi wa hao watatu wakae na watoto wao alasiri moja. Mambo ya kukubaliana ni machache: nani anapika lini, taa inazimwa saa ngapi, nani anatunza fedha ya dharura, wanarudi nyumbani Ijumaa ipi. La mgeni wa kulala tunalisisitiza: hakuna, hata akija “binamu”. Waacheni watoto waseme wenyewe na waandike wenyewe daftarini. Kanuni iliyosomwa na baba mmoja kwa sauti ya ukali huheshimiwa wiki moja.

Sasa chakula, maana ndicho kinachovunja urafiki wa geto kuliko wivu na mapenzi. Kijana wa rika hili asiyekula shuleni hutumia unga gramu 700 hivi kwa siku, uji wa asubuhi na ugali mara mbili. Kwa wiki mbili ni kama kilo 10. Ongeza maharage kilo moja na nusu, mafuta nusu lita, chumvi, dagaa, na fedha kidogo ya nyanya na mboga siku ya gulio. Akipata chakula cha mchana shuleni kwa michango ya wazazi, unga wa kilo sita unafika. Ila wazazi wengi hufunga kilo tano tu, wakisema atajibana mpaka Ijumaa ya pili. Hajibani. Unga unaisha siku ya saba au ya nane, anaanza kula cha mwenzake, na baada ya siku tatu mwenzake anaanza kuficha. Ukiona ndoo ya unga imesukumwa chini ya kitanda na kufunikwa nguo chafu, jua hao wameshaacha kuaminiana, hata kama bado wanatembea pamoja kwenda shule.

Njaa hiyo ina njia zake. Kuna deni dukani, kuna kulala na uji mtupu na kusinzia kipindi cha kwanza, na kuna kaka wa bodaboda mwenye chipsi kwenye mfuko wa plastiki ambaye mwanzoni haombi kitu. Linalosaidia ni kila mtoto kuleta kiasi sawa, kipimwe mbele ya wote, kila mmoja awe na ndoo yake yenye mfuniko na jina, lakini chungu kiwe kimoja. Jioni kila mmoja achote kwa kopo lile lile, wenzake wakiona. Ni jambo dogo, na huokoa magomvi mengi.

Kwa binti kuna mzigo mwingine usiosemwa. Pakiti ya taulo za kike huwa na vipande 8 hadi 10, na siku tano za kubadilisha mara tatu au nne zinahitaji vipande 15 hadi 20, yaani pakiti mbili kwa mwezi. Ziingie kwenye kiroba pamoja na sabuni bila kusubiri aombe. Kwa baba hataomba. Atamwomba mwenzake, na mwenzake ana “shemeji” wa kumwomba.

Mzazi atajuaje yanayoendelea? Wengi hudhani ni kwa kuchunguza na kubana. Utafiti wa Håkan Stattin na Margaret Kerr uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu vijana 703 wa miaka 14 nchini Sweden, ulionyesha kwamba mengi ambayo wazazi walikuwa wanayajua kuhusu watoto wao waliyajua kwa sababu watoto waliwaambia wenyewe kwa hiari, kuliko kwa kudhibitiwa. Sweden ni mbali, lakini tunayaona haya haya hapa Singida. Mtoto aliyefokewa siku aliposema mwenzake analewa, mara ya pili hasemi. Mama aliyeuliza taratibu, “Ukafanyaje?”, anaambiwa na la tatu na la nne.

Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, mpigie kupitia simu ya mama mwenye nyumba siku moja maalumu ya wiki. Usiulize “Shule inaendeleaje?”, utajibiwa “Nzuri” na salio limeisha. Uliza jana alipika nani. Uliza mboga ilikuwa nini, mwenzake alirudi saa ngapi, Jumamosi walifua wapi. Majibu ya maswali madogo ndiyo yanayokuonyesha geto lilivyo. Na wiki akinyamaza kuhusu mwenzake aliyekuwa anamtaja kila mara, panda bodaboda uende.

Kwenda nako kuna siku yake. Jumapili geto limefagiliwa. Nenda Jumatano saa moja jioni, beba mboga ili usionekane askari, kaa ule nao. Tazama sufuria kama imepikiwa jana. Tazama daftari la hesabu tarehe ya mwisho ni ipi. Mtoto hana simu lakini chaja ipo ukutani? Chaja hiyo ina mwenyewe. Kabla ya kuondoka, mtafute mwalimu wa darasa au mpigie umuulize mahudhurio. Daftari la mahudhurio halimwonei mtu haya.

Mama mwenye nyumba naye asigeuzwe mpelelezi. Akigeuzwa, atachoka au atatumia habari kama fimbo ya kudai kodi. Mwombeni akupigieni kwa mambo matatu tu: mtoto akilala nje, mtu akilala kwao, mtoto akiugua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi asiyekuwepo ahakikishe mtoto yuko chini ya uangalizi wa mtu anayefaa. Mtoto wa chini ya miaka 18 kuishi pekee kwenye ua ambao hakuna mtu mzima anayejua jina la baba yake ni kinyume cha hilo, hata kodi iwe imelipwa ya mwaka mzima. Penye dalili za ukatili, simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, haitozi, na afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wapo kwa kazi hiyo. Msimalizane kifamilia.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kumpeleka mtoto kwa shangazi au mjomba anayeishi karibu na shule. Ni jambo jema likipangwa. Linaharibika pale mzazi anapodhani undugu ndio malipo. Mwenyeji analisha mdomo wa ziada, haambiwi kitu, basi anajilipa kwa kazi: maji, kuni, kubeba mtoto mchanga, kuuza maandazi asubuhi. Mpelekee debe lake la mahindi kila mwezi kama ambavyo ungelipa kodi, na mkubaliane bila aibu kwamba kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku mtoto ni wa madaftari. Wengi huona haya kumwambia dada yao hivyo. Haya hiyo hulipwa na mtoto.

Tunaulizwa pia la kufanya rafiki akiwa ameshaonekana hafai. Kumkataza mtoto kwa ukali kunawafanya wakutane kwa siri, na rafiki anapanda cheo: sasa ndiye pekee “anayenielewa”. Tunashauri mwaliko. Mwiteni huyo rafiki nyumbani Ijumaa hadi Jumapili, alime, ale, alale. Kuna anayegundulika kuwa mtoto wa kawaida asiye na mtu wa kumuuliza ameshinda na njaa, na akipata nyumba ya pili anatulia. Kuna anayekataa kuja, nalo ni jibu. Ikibidi kuwatenganisha, fanyeni wakati wa likizo ya Juni au Desemba, sababu ikiwa chumba au umbali. Kumhamisha katikati ya muhula, mbele ya majirani, ni kumvunjia heshima kijana wa umri ambao heshima mbele ya wenzake ni kila kitu.

Mhariri, tunaandika sasa kwa sababu ya 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho. Januari 2028 sekondari za kata zitapokea mikupuo miwili kwa pamoja, mmoja wao ukiwa wa watoto wa miaka 12 hivi. Vyumba vya kupanga jirani na shule havitaongezeka vyenyewe, na mtoto wa miaka 12 si wa kuachiwa jiko la mkaa na mlango wa nje.

Tunasikia hesabu za madarasa na madawati. Za vitanda hatuzisikii. Bajeti ya 2027/28 inaanza Julai 2027, ikibakiza miezi sita tu, kwa hiyo hosteli ya kuwapokea hao inatakiwa iwe imeingizwa kwenye bajeti ya kabla yake. Tunaomba waandishi wenu wawaulize wakurugenzi wa halmashauri, kata kwa kata: mna wanafunzi wangapi wanaoishi kwenye mageto leo, na nani ana orodha ya majina yao? Sisi kwenye shule zetu orodha hiyo tunaiandika kila Februari, na mtu yeyote wa kata akiihitaji tutampa.

Walimu wa malezi na unasihi,
Sekondari za kata, Singida