YAH: Malalamiko kuhusu faili za sensa ya viwanda ya Marekani, 1850 hadi 1880

Kwa Mkuu wa Idara ya Takwimu,

Ndugu,

Rejea faili mlizoniuzia za sensa ya viwanda ya Marekani, ambazo mlizitangaza kuwa zimehakikiwa kwa kulinganishwa na picha za fomu zenyewe. Nasikitika kuwaarifu kwamba toleo mlilonitumia baada ya mimi kuonyesha makosa limeharibika kuliko lile la kwanza.

Kosa kubwa limo katika mishahara ya mwaka 1850 na 1860. Fomu za miaka hiyo ziliuliza gharama ya mwezi ya wafanyakazi wote wa kiume kwa pamoja, na ya wanawake vivyo hivyo; ninyi mmeichukua kuwa mshahara wa mtu mmoja, kisha mkaizidisha kwa idadi ya wafanyakazi. Kiwanda kimoja cha kupasua mbao kimeandikiwa wanaume 4 na dola 104 kwa mwezi, yaani dola 26 kila mmoja. Katika faili yenu kinalipa dola 416, na kwa mwaka mishahara yake inapita thamani ya mbao zote kilizopasua. Programu yenu iligundua kwamba hesabu hazikubaliani, lakini badala ya mtu kurudi kwenye picha, thamani ya mbao ndiyo iliyopandishwa. Huko ni kutunga takwimu.

Mwaka 1880, viwanda vya pamba, sufu, hariri na chuma vilihesabiwa na mawakala maalumu, na fomu zao hazikubaki. Mahali pao mmejaza sufuri, kana kwamba Lowell, mji wa Massachusetts uliojulikana kwa viwanda vya pamba, haukuwa na kiwanda cha pamba hata kimoja. (Kusoma "do", alama ya makarani ya "kama hapo juu", kuwa sufuri mbili nakuvumilia; miandiko mingine inachosha macho kweli.)

Nilijibiwa kwamba makosa haya yamo ndani ya kiwango kinachokubalika. Silikubali jibu hilo, kwa sababu kosa la mishahara linaelemea upande mmoja katika kila kiwanda chenye wanaume zaidi ya mmoja au wanawake zaidi ya mmoja, wala wingi wa mistari hauwezi kulifidia.

Naomba kila tarakimu irudishwe kama karani alivyoiandika, na marekebisho yakae katika safu ya pembeni pamoja na sababu yake na namba ya picha. Hilo lisipofanyika ndani ya siku 30, naomba nirudishiwe fedha zangu zote.

Wenu,
Mteja