Malalamiko kuhusu matangazo yanayokatiza drafti katikati ya zamu, na pesa niliyolipa ili yaondoke

Kimara,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wachezaji.

Ndugu Meneja,

YAH: MATANGAZO KATIKA MCHEZO WENU WA DRAFTI

Salaam. Nimekwisha kuwaandikia barua pepe mara tatu, tarehe 6 Mei, 15 Mei na 28 Mei, na mara zote nimejibiwa na mashine, kwa Kiingereza, kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Safari hii naandika kwa kirefu na kwa Kiswahili. Mchezo wenu una Kiswahili, tena kizuri: "Zamu yako", "Umepata kingi", "Kula ni lazima". Aliyewaandikia maneno hayo ni mtu anayeijua drafti, na naomba barua hii ifike mikononi mwake.

Mimi ni fundi simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa. Drafti nilifundishwa na marehemu baba pale Manzese, kwenye ubao wa plaiwudi, kete zetu vizibo vya soda, mmoja anavilaza kifudifudi na mwenzake chali. Mchezo wenu niliupakua mwaka jana nikaupenda palepale, kwa sababu unafuata kanuni tunazocheza huku: ukipata ya kula lazima ule, na kingi anatembea ubao mzima. Asubuhi nikipanda mwendokasi Kimara napiga mbili tatu, jioni nikirudi napiga nyingine. Drafti yenyewe sina la kuisema vibaya.

Wala sipingi kuwepo kwa matangazo. Naliweka hili mapema ili msije mkanihesabu na watu wanaotaka kila kitu bure. Kuna watu mnaowalipa mishahara, kuna mitambo inayoniunganisha mimi na mtu aliyeko Mombasa au Mwanza usiku wa manane, na mimi kwa miezi mingi sikuwalipa hata senti. Lazima mtu alipe, na mwenye tangazo ndiye anayelipa. Kile kitufe chenu cha "Tazama upate sarafu 50" nimekibonyeza mwenyewe mara nyingi. Naulizwa, nakubali, nakaa sekunde thelathini, napewa sarafu zangu, tunaachana salama. Hapo kuna mapatano, na nikitazama tangazo la namna hiyo wala sinuni. Kuna tangazo la sabuni ya unga nililiona hivyo mpaka nikalikariri, na sabuni nikainunua.

Ninayoyalalamikia ni yale yanayoingia bila hodi.

Jumanne ya tarehe 27 Mei, jioni, basi limejaa, nimesimama nimeshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Nacheza na mtu mwenye pointi nyingi kuliko zangu. Nimebaki na kete nne, yeye ana tano. Nikaiona njia: nikimlisha moja analazimika kula, akishakula ananifungulia tatu zilizopangana, na ya tatu inanifikisha kuwa kingi. Kwa mcheza drafti hiyo ndiyo raha yenyewe, unaweza kukaa wiki usiipate. Nikalisha. Akala. Nainua kidole nile zangu, kioo kizima kikageuka chekundu: tangazo la programu ya mikopo, sauti juu kabisa, mama mmoja anapiga kelele kwamba pesa inaingia ndani ya dakika tano. Basi zima likanigeukia. Tangazo lile ni la sekunde 30. Saa ya mchezo wenu inampa mchezaji sekunde 20 kwa kila zamu, na saa hiyo haikusimama. Nilipofanikiwa kulifunga nikakuta maandishi: "Muda umekwisha. Umeshindwa." Pointi 18 zimekatwa. Chini yake kuna kitufe: "Tazama tangazo ucheze tena."

Naomba mlitazame hilo kwa macho ya mtu aliyekuwa ameshika ile simu. Mmenikatiza zamu, mmeniacha nishindwe kwa saa mnayoiendesha nyinyi, kisha mnaniuzia nafasi ya kucheza tena kwa bei ya tangazo jingine. Sijui kama kuna aliyekaa akalipanga hivyo au yalikutana tu, saa upande mmoja na matangazo upande wa pili. Nilikwishawaeleza kwenye barua pepe ya 28 Mei na leo hali ni ileile.

Kulifunga tangazo nako ni kazi. Alama ya X inatokea baada ya muda, kona ya juu kulia, kijivu juu ya kijivu, ndogo kama punje ya mtama. Kwenye baadhi ya simu tunazouza hapa Aggrey kona ile ndipo ilipo kamera ya mbele, kwa hiyo nusu ya X imemezwa na tundu la kamera. Ukibonyeza kidogo pembeni unapelekwa kwenye duka la programu. Ukirudi unakuta ukurasa wa pili wa tangazo lilelile, na safari hii X imehamia kushoto. Mimi nimeshika simu za watu miaka kumi na moja, vidole vyangu vimezoea skrubu zisizoonekana kwa macho, na bado nakosea. Mama mwenye duka la vitenge aliniletea simu mwezi wa nne akasema imeingiwa na virusi, inafungua duka yenyewe. Nikaikagua, hakuna kirusi. Ulikuwa mchezo wenu, alikuwa amewekewa na mwanawe. Nikamwonyesha X ilipo. Akavaa miwani, akatazama, akaniambia, "Kaka, nifutie." Nikamfutia. Huyo hakuwa na chuki na matangazo, dukani kwake ana bango kubwa la mtandao wa simu alilobandikiwa na wenyewe. Alichoka kutegwa.

Na kwa sababu ya kazi yangu nawasikia wengi. Vijana wa kijiwe chetu wanacheza michezo ya bure ya kila aina. Wengi huniambia jambo moja: la kuchagua mwenyewe halina shida, la kulazimishwa linaudhi, na la kulazimishwa katikati ya mchezo linamfanya mtu aufute. Mmoja amejifunza kuzima data kabla ya kuanza, anacheza na kompyuta tu, kwa hiyo nyinyi hampati kitu kutoka kwake, si tangazo wala mpinzani wa kumkutanisha na wengine. Mnajipunguzia wachezaji kwa mkono wenu.

Nije kwenye bando, maana hapa ndipo naona mwenye ofisi ya mbali hapafikirii. Wiki ya kuanzia Jumatatu 2 Juni nilifuta hesabu ya matumizi ya data kwenye simu yangu, nikacheza kama siku zote, na kila tangazo nikalichorea kistari nyuma ya daftari la mauzo. Kufika Jumapili usiku vistari vilikuwa 94. Yale niliyoyachagua mwenyewe ni 33, yaliyobaki 61 yaliniingilia. Mchezo wenu ulikuwa umekula MB 638. Bando langu la wiki ni la GB 1. Mwendo wa kete ni maandishi machache tu yanayokwenda na kurudi, hauwezi kumaliza hata MB chache kwa siku. Kilichokula ni video. Kwa hiyo mchezo mnaouita wa bure nimeulipia kwa bando langu, na pesa ile haikufika kwenu, imekwenda kwa mtandao wa simu. Najua pia kwamba mwenye tangazo hulipa kidogo kwa mtazamaji wa Dar kuliko kwa mtazamaji wa Marekani. Kama ndiyo sababu ya kutujazia matangazo mengi zaidi ili hesabu zenu zitimie, basi anayelipa sana kwa kila MB kulingana na kipato chake ndiye anayebebeshwa video nyingi. Nimeumia nilipolielewa hilo.

Sasa la mwanangu, ambalo ndilo lililonifanya nikae usiku kuandika.

Nina binti wa miaka tisa. Jumamosi nikiwa nyumbani namwachia simu acheze drafti, kama mimi nilivyoachiwa vizibo. Anacheza vizuri, anajua kulisha. Mchezo wenu dukani umeandikwa unafaa kuanzia miaka 3, nikaamini. Jumamosi ya tarehe 7 alinijia jikoni na simu mkononi akaniambia, "Baba, tuweke elfu moja tu, inakuwa elfu hamsini." Nikatazama. Kandege kanapaa, namba zinapanda, sarafu zinamwagika, na kijana anacheka na bunda la noti. Kamari, ndani ya mchezo wa mtoto, na kwa Kiswahili. Nilimweleza nilivyoweza. Akaniuliza kwa nini basi wanamwonyesha. Sikuwa na jibu la kumpa, nalitaka kutoka kwenu.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya nchi hii, ya mwaka 2003, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mnaweza kusema tangazo linaletwa na kampuni nyingine, kwamba nyinyi mnauza nafasi tu na matangazo yanajipanga yenyewe. Lakini anayeuza nafasi ana uwezo wa kukataa aina fulani za matangazo, kamari ikiwemo. Mipangilio hiyo ipo. Na zile programu za mikopo nazo zitazameni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na hapa kijiweni tunao waliosumbuliwa nazo mpaka ndugu zao wakapigiwa simu za matusi.

Kuna na matangazo ya michezo mingine yasiyosema kweli. Unaonyeshwa mtu anavuta pini maji yamwagike juu ya moto, unaupakua, unakuta ni mchezo mwingine kabisa. Mwaka 2020 mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza, ASA, iliyazuia matangazo ya Homescapes na Gardenscapes kwa sababu hiyo, kwamba yalichoonyesha hakikufanana na mchezo wenyewe. Hili silipigii kelele sana, nimeshajua kulikwepa.

Pesa je? Tarehe 4 Mei niliamua kulipa. Kwenye menyu yenu kuna kitufe "Ondoa Matangazo", lipa mara moja, shilingi 12,500. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikaweka pesa, nikalipa, nikapata risiti. Siku ileile bango la tangazo lililokuwa chini ya kioo likatoweka. Video zikabaki palepale. Nikadhani inachelewa, nikazima simu nikawasha. Kesho yake nikasoma maelezo upya, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza peke yake, nikakuta kwamba yanayoondolewa ni mabango tu. Kitufe kwa Kiswahili kinasema "Ondoa Matangazo". Hakisemi mabango. Shilingi 12,500 kwangu ni kubadilisha mfumo wa chaji kwa mteja mmoja, vumbi la solda na yote. Nililipa kwa moyo mmoja kwa sababu naithamini kazi yenu.

Ninayoyataka ni haya. Tangazo lolote la kujaza kioo lisiingie mchezo ukiwa unaendelea, likae baada ya mchezo kwisha. Hilo hata Google, wenye duka mlilouweka mchezo, walikwisha kulikataza: kanuni yao iliyoanza kutumika 30 Septemba 2022 hairuhusu tangazo la namna hiyo kumzukia mtu katikati ya mchezo, wala lisilofungika baada ya sekunde 15, isipokuwa yale mchezaji aliyoyachagua mwenyewe. Kama kwa sababu yoyote tangazo litaingia, saa ya zamu isimame. X iwe ya kuonekana, sehemu moja, isihame. Kamari na mikopo viondolewe kabisa kwenye mchezo mnaosema unafaa watoto. Anayetaka kubana bando apewe matangazo ya picha badala ya video. Na mimi mnirudishie shilingi 12,500 zangu, au mniondolee matangazo yote kama kitufe kilivyoahidi. Mkichagua la pili nitalipokea kwa furaha zaidi, kwa sababu nataka kucheza.

Ongezeni mkitaka vitufe vya kuchagua. Wekeni "Tazama tangazo uone kosa lako lilikuwa wapi", nitakibonyeza kila jioni. Wekeni cha kununua ubao wa plaiwudi na kete za vizibo, vijana wote wa Aggrey watakitazamia tangazo.

Nasubiri jibu la mtu, kwa Kiswahili, ndani ya siku 14 za kazi. Nisipolipata nitapeleka suala la malipo Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na suala la tangazo la kamari kwa mtoto nitalipeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Nitaripoti pia kwenye duka la programu.

Nimeambatisha risiti ya tarehe 4 Mei, picha nne za kioo cha simu (ile ya "Muda umekwisha", ya X iliyofunikwa na kamera, ya kandege, na ya maelezo ya herufi ndogo), na picha ya ukurasa wa daftari wenye vistari 94.

Mchezo bado uko kwenye simu yangu. Ila binti yangu simwachii tena kwa sasa: nimemtafutia ubao, jana tumekusanya vizibo, tumepata kumi na tisa.

Mchezaji wenu,
Fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo