Mpango wa kampuni usomwe kijijini

Mhariri,

Huku kwetu Chamwino kampuni ya uchimbaji ikitoa madawati huja na bango, meza kuu na mpiga picha. Wiki inayofuata malori yake ya kokoto yanapita bila turubai, vumbi linatua kwenye mtama ulioanikwa. Wananchi wakinung'unika, wanaambiwa hawana shukrani. Shukrani tunazo. Imani ndiyo imetuishia.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, misaada ya namna hii si hisani tena. Kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, yaani miradi atakayoifanyia jamii inayomzunguka, na kukubaliana na halmashauri, kwa kuzingatia vipaumbele vya eneo husika. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sasa nauliza, ni vijiji vingapi vimewahi kusomewa mpango huo? Sisi tuliomba pampu ya kisima, tukaletewa madawati. Bei ya dawati moja hakuna aliyeitaja, na seremala wa hapa hapa hakupewa hata moja atengeneze (mbao anazo, kazi ndiyo hana).

Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Naomba halmashauri ziagize mpango, gharama na jina la mzabuni visomwe pale, kisha vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Na malori yafunikwe.

Mkazi wa Chamwino,
Dodoma