Tope la hori lisomwe kabla halijazolewa

Mhariri,

Kila mjadala kuhusu uchafu wa hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara hapa Mombasa, huishia pale pale. Wavuvi husema maji taka ya mji yamewafukuza samaki, maafisa husema ni mvua na mabadiliko ya tabianchi, wazee nao hukumbuka maji yalivyokuwa safi enzi zao. Kila mtu ana lake, na hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa ushahidi. Mimi nasema ushahidi tunao, umelala chini ya maji hayo hayo.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wamekwisha kuona faida yake. Kwa miaka mingi lawama za kuangamia kwa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, alibebeshwa mbuta, samaki aliyetiwa ziwani miaka ya 1950. Watafiti walipozamisha mabomba, wakatoa tope la chini na kulisoma tabaka kwa tabaka, walikuta mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na kufyekwa kwa ardhi, kilimo na ongezeko la watu kandokando ya ziwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya kina yalikuwa yakipungukiwa na oksijeni. Mbuta ana kesi ya kujibu, ila ziwa lilianza kuugua kabla hajafika.

Tope husomeka kwa sababu mashapo, yaani udongo na mabaki yanayozama, ya mwaka huu hutua juu ya yale ya mwaka jana. Ndani yake mna chavua, yaani unga wa maua, inayoonyesha chini ya hadubini ni lini msitu uliisha na mahindi yakaingia. Mna chembe za mkaa wa mioto ya zamani, na madini ya risasi ya viwanda na magari. Umri wa tabaka za miaka mia moja na ushei hupimwa kwa risasi-210, aina ya madini hayo yenye mnururisho, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 22 hivi. Za kale zaidi hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni inayooza polepole zaidi.

Hata hapa Pwani tuna hazina ya namna hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa mataifa mbalimbali walitoboa sakafu ya Ziwa Chala, kule Taita Taveta mpakani na Tanzania, wakatoa mashapo ya zaidi ya mita 200, historia ya takriban miaka 250,000. Chini ya ziwa lile hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyoo wa kuyavuruga. Ukiyatazama kwa karibu unaona mistari myembamba, mweupe kwa mweusi: mweupe ni magamba ya mwani uliostawi wakati upepo wa kusi ukivuma, mweusi ni wa miezi mingine. Na Malindi, tumbawe lenye umri wa miaka 300 limetunza bariamu, aina ya madini, iliyoletwa na udongo wa mto Sabaki. Bariamu hiyo ilipanda sana mwanzoni mwa karne ya 20, bara lilipoanza kulimwa kwa mtindo wa walowezi.

Hori si Chala, nakubali. Maji hupwa na kujaa, na kaa hawaachi kuchimba. Ndiyo maana nataka wataalamu wachague sehemu tulivu, ndani ya mikoko.

Na iwe mapema, maana tope likishazolewa na mashine za kuchimba bandari, au likafukiwa kujengwa ghala, halisomeki tena. Watu wa Owino Uhuru, Mikindani, walihangaika miaka mingi kuhusu sumu ya risasi hadi mahakama ilipowapa haki mwaka 2020. Hakuna mtaa unaostahili kusubiri hivyo kwa kukosa vipimo vya kabla.

Ombi langu kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na serikali ya kaunti ni hili: tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote unaogusa sakafu ya hori isipitishwe mpaka tope lichukuliwe kwanza. Nusu ipimwe, nusu ihifadhiwe KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani kwa watakaokuja na vifaa bora kuliko vyetu. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya wavuvi kwenye mabandari yao ya Tudor, Mikindani na Port Reitz, kabla mkandarasi hajaleta mashine.

Mwalimu wa Jiografia,
Kisauni, Mombasa