Kwa sahibu yangu wa Wete: namna ya kuwaandika vijana wetu wanaomaliza

Mwanakwerekwe, Unguja

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifika, na kukabidhiwa kwako kijitabu cha mahafali ya Kidato cha Sita kumenifurahisha sana. Umeniuliza vipi utaandika zile taswira fupi za wanafunzi na ndoto zao, ziwe za kuchekesha na ziwe na heshima. Nakujibu kwa urefu, maana kijitabu hiki kikitoka vizuri mtoto hukitunza miaka mingi, na kikitoka vibaya humuumiza siku ambayo wazee wake wamekuja na nguo mpya kumtazama.

Kubwa kuliko yote: usianze na ndoto, anza na tabia. Ukimuuliza kijana anataka kuwa nani, atakupa jibu alilolizoea tangu darasa la tatu: daktari, rubani, mwanasheria. Jibu ni la kweli lakini halina sura. Katika wanafunzi 48 unaweza kupata madaktari kumi na moja, na ukiwaandika hivyo hivyo msomaji atachoka akifika wa tatu. Basi muulize mengine. Kitu gani kikiharibika dakhalia (bwenini) wenzio wanakuita wewe? Siku ya mapumziko, kabla ya adhuhuri, uko wapi? Kazi hiyo unayoitaka, umepata kumuona mtu akiifanya kwa macho yako, na alikuwa anafanya nini hasa? Mtihani ukimalizika, hatua yako ya mwanzo ni ipi? Maswali manne yanatosha. Muulize uso kwa uso, dakika kumi, wala usimpe fomu peke yake. Fomu hurudi na "kusoma vitabu na kusikiliza muziki" kwa darasa zima, kwa kuwa hujazwa kwa pamoja kitandani na mmoja humtazamia mwenzake.

Baada yake kawaulize marafiki zake watatu, kila mmoja mbali. Wakitaja jambo moja bila ya kuambizana, hilo ndilo la kuandika. Wakisema "hana neno, mkimya tu", usilikubali. Nenda kwa mpishi, kwa anayesimamia dakhalia, kwa anayetunza maktaba. Wakimya wana mazoea mengi kuliko wasemaji, ila mashahidi wao ni wengine. Na hawa uwaandike mwanzo, ungali na nguvu. Ukiwaacha mwisho utawapa "mpole na mwenye bidii", maneno yanayokaa chini ya picha ya mtu yeyote.

Kila taswira iwe na maneno 60 hadi 70, na usiruhusu tofauti kubwa. Watahesabu, na mamake mtu atahesabu zaidi. Ndani yake weka tabia moja iliyoonekana kwa macho, ndoto ikiwa imetajwa kwa jina lake kamili, hatua moja ya kweli ya njia ya kufikia huko, na mwisho jina. Kuhusu jina nakushauri hivi: wasichana wape jina la kanga, wavulana wape jina la chombo, lile linalopakwa rangi ubavuni mwa ngalawa au mashua. Wazee watalielewa papo hapo, na utani utakuwa umekaa mahala pake pa asili. Liwe jipya. Ukichukua jina la kanga lililokwishauzwa madukani, kuna mtu ukumbini atakuwa amelivaa, na huenda kwake lilikuwa fumbo la ugomvi.

Nakupa mfano wa msichana wa tahasusi ya PCB, yaani mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Baiolojia:

"Chini ya kitanda chake kuna mkebe wa biskuti usio na biskuti: umejaa plasta, bendeji na kipimajoto. Foleni huanza saa mbili usiku. Kila mgonjwa huulizwa maswali matatu kabla ya kuguswa: umekula nini, saa ngapi, na shahidi wako nani. Anautaka udaktari wa watoto, na hesabu ameshaifanya: miaka mitano chuoni na mmoja wa mafunzo hospitalini, kisha ubingwa. Jina la kanga yake: FOLENI NI MOJA HATA UKIWA NDUGU."

Kichekesho kimetoka kwenye mkebe na maswali, hakikutoka kwenye umbo lake. Na ile miaka mitano na mmoja inamwambia mdogo wake anayesoma kwamba njia ina urefu wake. Madaktari wengine kumi uwatenganishe kwa namna hiyo hiyo: mmoja wa macho, mmoja wa maabara, mmoja ambaye ukimsikiliza vizuri anachokipenda ni dawa zenyewe, basi yeye ni mfamasia na hajijui. Hapo usimbadilishie ndoto kwa kalamu yako. Mwambie, akafikiri, aamue mwenyewe.

Mvulana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati):

"Abiria wa meli ya Mkoani wakianza kuinamia mifuko kwa kichefuchefu, yeye ndiyo kwanza anafungua boflo na pweza. Darasani hukaa dirishani, na kabla ya hodi ya mwalimu ameshatangaza upepo: leo kusi, au kaskazi imegeuka. Anataka unahodha. Anajua kwamba katika mafunzo ya afisa wa meli imo miezi 12 ya kazi baharini. Yeye ameuliza kama anaweza kuongezewa. Jina la chombo chake: KWANGU BEMBEA."

Na huyu wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), ambaye Pemba utawapata wengi wa namna yake, kwa sababu nyumba nyingi za pwani zinakula kwa mwani:

"Anakwenda kuoga na kipimajoto cha maabara, na hatumii ndoo mpaka atangaze nyuzi. Anajua kuwa mwani wa cottonii huuzwa bei nzuri kuliko wa spinosum lakini maji ya kina kifupi yakipata joto huugua na kukatika kabla ya wiki sita za kuvuna. Anataka utafiti wa bahari, apate mbegu inayostahamili. Safari ya mwanzo anayoiota ni Buyu, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari. Jina la kanga yake: MAJI YAKIPATA MOTO NIULIZENI."

Unaona kwamba hapa ukweli wa mwani ndio unaobeba utani. Ukiandika tu "anapenda bahari", ndoto inapotea. Kwa hiyo kila ndoto ichunguze kabla ya kuiandika. Tazama tahasusi yake kwanza. Kijana wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) aliyeandikwa kwamba atakuwa mhandisi wa umeme atachekwa na wenzake wanaojua, na kicheko hicho sicho tunachokitafuta. Kaa naye, huenda anachokitaka ni kutangaza habari za ufundi redioni. Vituo vya karibu uvijue kwa majina: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kule Tunguu, na skuli yake ya afya Mbweni, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, nayo Mbweni, kwa wanaopenda ufundi, Chuo cha Bahari Dar es Salaam kwa mabaharia, na tangu 2023 tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, pale Bweleo kwa wanaotaka sayansi ya data. Mwenye wasiwasi wa ada mkumbushe Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ila jambo hilo libaki baina yenu, lisiingie kijitabuni. Habari za fedha za nyumba ya mtu hazichapishwi.

Tukiwa hapo, yasiyoguswa ni haya: mwili, rangi, kigugumizi, umasikini, kazi ya baba, posa na mapenzi, alama za mtihani wa majaribio. Lafudhi ya mtu wa Micheweni au wa Makunduchi iache, isipokuwa mwenyewe anaichezea mbele za watu na akakubali kwa kinywa chake. Vilevile usitabiri matokeo. Mtihani wenyewe ni Mei na majibu hutoka Julai. Kijitabu kinachosema "atapata daraja la kwanza" kitakuwa jeraha endapo mambo yatakwenda vyengine.

Kipimo cha taswira nzuri ni chepesi. Funika jina na picha, wape wanafunzi wenzake watatu waisome. Wakishindwa kumtaja mwenyewe, irudie. Wakimtaja lakini wakatazamana, kuna neno ndani yake linachoma, na hilo uliondoe hata kama ndilo lililokuchekesha zaidi. Kisha mpe mwenyewe, akae nayo siku tatu, atie saini. Muombe aisome akifikiri mama yake amekaa pembeni. Anayekataa sentensi asitakiwe sababu. Saini hizo zihifadhi mpaka mahafali yapite.

Majina ni pahala ambapo vijitabu vingi huharibika. Tumia majina matatu kama yalivyosajiliwa kwa mtihani, kwa maana darasa moja linaweza kuwa na Mohamed Ali watatu, na kati ya Khamis na Hamisi mwenyewe anajua lake ni lipi. Panga kwa alfabeti. Mpangilio mwengine wowote utaulizwa kwa nini fulani ametangulia.

Picha nazo zina mtego wake. Wasichana wetu wana ushungi mweupe na wavulana mashati meupe, na mpigapicha akitundika shuka jeupe nyuma, kichwa hupotea kikabaki kipande cha uso kinachoelea. Tundika kitambaa cha buluu hafifu au kijivu. Piga kivulini barazani, mnamo saa kumi alasiri, sio mchana wa jua la utosi linalotia weusi machoni. Kwa kuwa mtachapa kwa mashine ya kopi, ongeza mwangaza wa nyuso kidogo kwenye kompyuta, kwani kopi hukoleza weusi. Toa nakala moja ya majaribio kwa mashine ile ile itakayotumika, uitazame kabla ya kuruhusu nyengine. Asiyetaka picha yake itoke, au mzazi wake hataki, mwekee mchoro wa kitu chake: mkebe, boflo, kipimajoto. Mara nyengine mchoro unapendeza kuliko picha.

Hesabu ya karatasi ifanye mapema. Taswira mbili kwa ukurasa wa A5, wanafunzi 48, ni kurasa 24. Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa ina kurasa nne, kwa hiyo kila nakala inakula karatasi sita. Nakala 150 ni karatasi 900. Ukinunua rimu mbili unabakiwa na 100 za kuharibika, na zitaharibika. Jalada liwe la karatasi nzito, gramu 160 inatosha, moja kwa kila nakala. Utashawishiwa kuongeza kurasa mbili za salamu za wageni rasmi. Hapo kurasa zinakuwa 26, na kwa kuwa lazima zigawike kwa nne utalazimika kwenda 28, karatasi saba kwa nakala, 1,050 kwa jumla, na rimu mbili hazitoshi tena. Salamu zichape upande wa ndani wa jalada. Zikizidi hapo, zifupishwe. Kijitabu ni cha watoto.

Ukumbini usijaribu kuzisoma zote. Taswira moja ni kama nusu dakika, na mtoto kutoka kitini hadi jukwaani ni nusu nyengine. 48 zitakula takriban saa nzima, na wazee wa safu ya nyuma wataanza kuondoka kwa alasiri. Chagua kumi na mbili na uzigeuze vitendawili. Msomaji aseme "Kitendawili!", ukumbi uitike "Tega!" Yule mkimya anayetoka kila magharibi kutazama popo wakiruka, anayetaka kazi ya kuhifadhi wanyama, kitendawili chake kiwe hivi: "Wao wakiamka, mimi nahesabu, duniani kote, kwao ni Pemba tu." Popo wa Pemba hapatikani kwengine, na watu waliofika Kidike, wanakolala popo hao, watajua mara moja. Wakishindwa, wakupe mji kama desturi, kisha mwenyewe asimame. Kwa mtoto asiyezoea kutazamwa, kusimama kama jibu ni kwepesi kuliko kuitwa kwa jina. Wale ambao hawakusomwa wajue mapema kwamba hawamo, na sababu ni muda.

Anza wiki nane kabla. Mazungumzo yatakula wiki tatu za mwanzo, kuandika mbili, saini na masahihisho moja, na mbili uziache kwa mashine kuharibika na umeme kukatika. Ramadhani ikiangukia humo, mazungumzo yafanye asubuhi. Baada ya alasiri hakuna atakayekupa jibu la maana.

Niletee taswira kumi za mwanzo pamoja na mtu wa meli ya Jumamosi, bila majina na bila picha. Nitakurudishia kwa meli ya kwanza inayofuata, nikiwa nimepiga mstari chini ya kila sentensi ambayo ingemfaa mtoto mwengine yeyote. Mkimya wa popo naye awemo.

Nisalimie watu wote wa nyumbani, na mpishi wa dakhalia usimsahau, utamhitaji.

Ni mimi sahibu yako