Kiu haikatazwi kwa hotuba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na walimu wenzangu na wazazi.

Nafundisha vijana wa miaka 14 hadi 17. Mwaka jana msichana mmoja wa darasa langu alikosa shule siku mbili kwa sababu viatu vyake vilichekwa. Havikuchanika, ila vilikuwa vya toleo lililopitwa na wakati. Nilimpa hotuba tunayoijua sote: ridhika na ulichonacho, wazazi wanahangaika. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Tangu siku hiyo akawa anaficha miguu chini ya dawati. Nilikuwa nimemwongezea aibu nyingine.

Mimi si Mbudha, lakini nilipotafuta namna bora ya kusema na vijana hawa, mafundisho ya Buddha ndiyo yaliyonifaa. Tamaa ameiita tanha, neno la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, lenye maana ya kiu. Mwenye kiu hata umgombeze, kiu iko palepale. Buddha alifundisha kwamba kabla ya kiu hutangulia hisia: jicho huona, moyo huburudika au hukereka, ndipo kutaka kunapozaliwa. Katikati hapo pana upenyo mdogo, na matangazo ya kwenye simu hayampi kijana muda wa kuuona.

Basi nikawaomba wanafunzi kwamba kila wakitamani kununua kitu, waandike walikuwa wanahisi nini dakika moja kabla. Mmoja aliandika kuwa alikuwa mpweke. Mwingine alikuwa ametoka kutazama picha za sherehe ambayo hakualikwa. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba alikuwa peku.

Kisha nikawasimulia habari za Ananda, mfuasi wa Buddha, aliyepewa majoho 500 na wake wa Mfalme Udena. Mfalme akamuuliza atayafanyia nini yote hayo. Ananda akajibu kuwa atawagawia watawa ambao majoho yao yamechakaa. Na yale yaliyochakaa? Yatafunika vitanda. Yakiisha hapo yatakuwa foronya za magodoro, kisha mazulia, kisha vitambaa vya kufutia miguu, kisha vya kupangusia vumbi, na mwisho yatakatwakatwa na kuchanganywa na udongo wa kukandikia sakafu. Darasa lilicheka, halafu wakaanza kuulizana begi la mwaka juzi limeishia wapi. Mjadala ule ulikula kipindi kizima na sikuujutia.

Wapo watakaosema nawafundisha watoto kuupenda ufukara. Sivyo. Buddha mwenyewe alijinyima chakula hadi akakonda vibaya, kisha akaiacha njia hiyo. Na kijana mmoja aitwaye Sigala alifundishwa na Buddha aigawe mali yake mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuendeshea kazi, moja la akiba ya siku ya shida. Fungu la kutumia limo, tena limetajwa la kwanza.

Ombi langu ni kwamba shule zitenge japo kipindi kimoja kwa wiki kwa zoezi hili la kuandika, bila alama na bila mtihani. Nanyi wazazi, jiulizeni swali lilelile, mkiwa na watoto wenu. Juzi mvulana mmoja aliniuliza kwa nini baba yake hubadilisha simu kila mwaka ilhali ile ya zamani bado ni nzima. Nilikosa la kumjibu.

Mwalimu wa sekondari