Mrudisheni Richardson uwanjani

Indianapolis, Novemba 11, 2024

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo limenikaba tangu jana. Naishi huku Indianapolis mwaka wa nane sasa, futiboli ya Kimarekani nilianza kuiangalia kwa sababu Jumatatu kazini hakuna stori nyingine, usipoijua unakaa kama mgeni, basi ikanikolea na leo hii mimi ni shabiki wa damu wa Colts, timu ya hapa.

Jana mimi na shemeji tulikuwa uwanjani, tumechapwa na Bills wa Buffalo 30-20 nyumbani kwetu wenyewe. Kotabeki wetu Joe Flacco, miaka 39, pasi yake ya kwanza tu imedakwa na beki wao akakimbia nayo mpaka mwisho, tachidauni, yaani wakapata pointi, hata hatujakaa vizuri. Akadakwa tena mara mbili. Muda wote huo Anthony Richardson, miaka 22, kotabeki wetu aliyenyang'anywa namba akapewa Flacco, yuko pembeni anaangalia.

Kwa wasiofuatilia, kotabeki ndo anaanza nao mpira karibu kila shambulizi, ana sekunde mbili tatu za kusoma mabeki na kuamua ampe nani au akimbie mwenyewe, huku mijitu ya kilo mia na kitu inamjia. Richardson Colts walimchagua namba 4 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi mwaka 2023 akiwa ameanza mechi 13 tu pale chuoni Florida. Kumi na tatu! Klabu ilijua inachukua kijana mbichi, haikudanganywa na mtu. Mwaka ule ule akaumia bega mechi yake ya nne, msimu ukaishia hapo. Msimu huu ameanza mechi 6, kwa hiyo ukijumlisha chuo na huku ni mechi 23 basi.

Sibishi kwamba ana makosa. Kabla hajatolewa alikuwa amefikisha pasi 59 kati ya 133, hata nusu hazifiki, na amedakwa mara 7. Nimeshamwona mwenzake yuko hatua chache tu, yuko peke yake, mpira unampita juu ya kichwa. Na ile ya Houston alipoomba kutoka mchezo mmoja, baadaye akasema mwenyewe kwamba alichoka, kwa kweli iliniuma, kotabeki hatoki kwa uchovu wakati wenzake wanapigwa kwa ajili yake. Alikosea. Mkanye, mkalishe chini umwambie ukweli, lakini kumnyang'anya namba ni kitu kingine kabisa.

Maana huyu huyu Septemba, mechi ya kwanza na Texans, hao hao wa Houston, tupo sebuleni kwa shemeji, akarudi nyuma, mtu ameshamfikia, mguu hata hajaukanyaga sawasawa akaurusha hivyo hivyo, mpira ukaenda hewani zaidi ya yadi 60, shemeji kijiko cha pilau kimesimama mdomoni, ukashuka mikononi kwa mwenzake Alec Pierce. Mkono ule hakuna kocha wa kukupa. Kinachofundishika ni kuweka miguu na kupima pasi fupi, na hivyo anajifunza akiwa anacheza.

Watu wananiambia mbona makotabeki wakubwa nao walisubiri, Mahomes alikaa benchi karibu mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, Rodgers mitatu nyuma ya Favre. Sawa, ila wale walikuja wameshacheza sana chuoni, walichokosa ni kidogo tu. Halafu kotabeki wa akiba wiki nzima karibu hapati mazoezi na kikosi cha kwanza, mara nyingi anaigiza kotabeki wa wapinzani ili mabeki wetu wajiandae, sasa hapo anajifunza nini?

Na aliyetufunga jana ni nani? Josh Allen, kotabeki wa Bills! Mwaka wake wa kwanza, 2018, pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, walimcheka kweli kweli, Buffalo wakamwacha acheze na makosa yake, mwaka wa tatu akafika 69.2. Hata sisi wenyewe, kotabeki wetu wa zamani Peyton Manning mwaka 1998 alidakwa mara 28, mpaka leo ni rekodi kwa kotabeki wa mwaka wa kwanza, timu ikashinda 3 ikafungwa 13, na alianza mechi zote 16. Mwaka uliofuata tukashinda 13. Jana tukitoka tumepita mbele ya sanamu yake pale nje ya uwanja, nikasimama kidogo, shemeji ananivuta mkono twende baridi hii.

Tena angalia matokeo ya msimu huu, Richardson akianza tumeshinda 3 tumefungwa 3, Flacco akianza tumeshinda 1 tumefungwa 3. Huyo mzee namheshimu, ana pete yake ya ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, aliyoipata na timu ya Ravens, lakini mwakani atakuwa na miaka 40, sasa tunamjengea nani timu?

Kocha Steichen, Jumapili tunaenda kwa Jets, mechi zimebaki 7. Mpe dogo zote saba, hata akidakwa, hata wiki tatu mfululizo, na asitolewe tena kwa sababu ya mechi moja mbovu.

Ni mimi msomaji wako,
Indianapolis